Mheshimiwa, twaomba mzani wetu

Kwa Mheshimiwa unayesimamia taka za mji wetu wa Mombasa,

Assalam aleikum. Barua mbili nimezileta ofisini kwako kwa mkono wangu, zote zikagongwa muhuri, jibu sijapata. Hii ya tatu naiandika hadharani kwa sababu ya Alhamisi iliyopita.

Alfajiri hiyo askari walikuja na lori pale tunapokusanyia chupa, Kongowea. Walichukua mkokoteni, wakachukua mzani, na magunia yetu 22 wakayamwaga ndani ya lori pamoja na taka za soko. Chupa zilizokwisha kuchaguliwa, kutolewa vifuniko na kuoshwa! Zimekwenda kutupwa Mwakirunge. Niliwasihi watuachie mzani tu. Nikajibiwa kwamba plastiki sasa ni ya mwenye kiwanda, sisi twachafua mji.

Mheshimiwa, kiwanda sikipingi. Ndicho kinunuacho mzigo wetu, ijapokuwa kupitia kwa broka. Lakini tazama hesabu. Chupa ya maji ya nusu lita haifiki gramu 20, kwa hiyo kilo moja ni zaidi ya chupa 50, na kila moja kuna mtu aliyeinama kuiokota. Zikisafirishwa nzima, gari limebeba hewa. Broka hutulipa shilingi 15 kwa kilo, maana nauli ya hewa hiyo amekwisha kuikata kwetu. Mwenye mashine ya kushindilia hupakia mzigo mara kadhaa ya huo kwa safari moja, na faida yote iko hapo. Tena mafuta yakishuka bei duniani, plastiki mpya huwa rahisi na yetu huporomoka. Mkubwa ana ghala, hungoja bei ipande. Sisi twauza jioni ile ile, watoto wapate kula.

Na kiwanda chataka tani, safi, za aina moja. Vipande vichache vya PVC, plastiki ya mabomba, vikichanganyika na chupa za PET, plastiki ya chupa za maji, vikifika kwenye joto vyaharibu mzigo. Kifuniko nacho ni plastiki nyingine: kwenye maji huelea, na chupa iliyosagwa huzama. Hayo nilifunzwa na mama mmoja wa kikundi chetu ambaye hakusoma hata darasa moja. Sisi tukifukuzwa, atachagua nani?

Wewe mwenyewe ulisimama mbele yetu ukaahidi banda na mashine ya kushindilia, kabla ya Ramadhani. Ramadhani mbili zimepita. Nadhani fedha zilifuata tenda kubwa, au faili imekaliwa na mtu. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia taka. Kituo kilikuwapo, Mheshimiwa, kilikuwa chetu, na lori ndilo lililokuja kukivunja.

Banda tutangoja. Mashine pia tutangoja, tumeshazoea. Lakini mzani ule tuliununua akina mama 11 kwa mchango wa mwaka mzima, shilingi hamsini hamsini. Bila mzani broka hukadiria kwa macho. Jana alitazama magunia matano, akasema kilo 30, akalipa za 30 akaondoka. Mimi mikono yangu yajua uzito wa gunia, na hazikuwa 30.

Twaomba mzani wetu urudi. Hata leo jioni nitakuja kuuchukua mwenyewe, niambie tu niende mlango gani.

Mama mchagua chupa, Kongowea