Barua ya wazi kwa vijana wapanda farasi wa Jinja: farasi akikataa nyasi, shuka

Wanangu,

Nimesikia mnajiandaa kwa safari ya kilomita 40 kando ya Nile, na kwamba mmeshaanza kubishana nani atatangulia kufika. Ubishi huo naufahamu. Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, tangu ujana wangu, kwanza Kenya kisha hapa, na nimefunga matandiko mengi mno. Naandika mapema kwa sababu siku yenyewe hakuna atakayenisikiliza.

Zamani nilimtunza farasi jike mwekundu wa tajiri mmoja. Kwenye kituo cha mapumziko nilimwekea nyasi, akazinusa, akageuza kichwa. Hakuwa anachechemea. Mapigo ya moyo yalishuka vizuri. Nikaliona lile la nyasi, nikanyamaza, maana bwana alikuwa na haraka na mimi ni kibarua tu. Mbele kidogo akalala chini, akawa anagaagaa kwa maumivu ya tumbo. Hatukurudi naye. Aliyempanda alilaumiwa na watu wote. Mimi sikulaumiwa na mtu, na hilo ndilo linaloniuma.

Farasi ni mnyama wa kuliwa na simba. Akionyesha udhaifu huliwa, kwa hiyo huuficha. Ukimwambia twende, atakwenda mpaka aanguke. Ndiyo sababu wenzetu waliozoea mchezo huu hawamwachii mpandaji aamue peke yake. Huko California kuna mbio za Tevis zilizoanza 1955, maili 100 kwa siku moja, na daktari wa mifugo humkagua farasi njiani na mwishoni. Pana kombe la wa kwanza, na pana kombe jingine la farasi aliyemaliza akiwa na hali nzuri kuliko wote katika kumi wa mwanzo. Masaisi ninaowajua mimi wangelitaka hilo la pili.

Basi mkifika kituoni, kwanza moyo. Farasi aliyetulia hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika. Kipimo cha mashindano mengi ni ushuke hadi 64 ndipo aruhusiwe kuendelea. Bonyeza ufizi, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Vuta ngozi ya shingo uone kama inarudi upesi. Kisha tega sikio ubavuni: tumbo lenye afya linanguruma kama mtu anayeburuta magunia nyuma ya ukuta. Likinyamaza, utumbo umelala, na damu nyingi imekwenda kwenye misuli. Farasi wa namna hiyo ndiye anayekataa nyasi.

Jasho nalo. Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko letu, na kwenye joto anaweza kupoteza lita 10 hadi 15 kwa saa. Chumvi ikitoka pamoja na maji, kiu huenda isimjie hata akiwa amekauka. Msiseme "hakutaka maji" mkadhani ameshiba. Na hapa kwetu karibu na ziwa hewa ni nzito, jasho linabaki ngozini bila kukauka, kwa hiyo halimpozi. Mwageni maji tena na tena, mwili mzima. Mimi nilifundishwa kwamba maji baridi hukaza misuli, nikawafokea vijana wengi kwa hilo. Utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ulionyesha tulikosea. Waliofokewa wanisamehe.

Jambo jingine nalisema kwa ukali: sindano ya maumivu asubuhi ya safari, hapana. Inaficha mguu unaouma, si kuutibu.

Tena kumbukeni farasi Uganda ni wachache. Mbung'o, wengine huwaita ndorobo, wamewamaliza sehemu nyingi, na usubi wanaeneza ugonjwa mwingine wa farasi usio na huruma. Madaktari wetu wengi wamezoea ng'ombe. Mtafuteni mapema mmoja anayewajua farasi, mmlipe vizuri, na neno lake liwe la mwisho hata kama farasi ni wa mwenye gari kubwa. Akisema hapana, asiwepo wa kuja kwangu kutaka nimbembeleze. Sitambembeleza.

Chukueni lori la kubebea wanaosimamishwa, lisikae nyuma ya miwa ya Kakira bali barabarani, lionekane. Kijana akijua kuna lori, haoni haya kushuka.

Mimi nitakaa kituo cha pili chini ya mwembe, na ndoo yangu na fungu la nyasi mbichi. Kila farasi nitampa mwenyewe. Asiyekula, mpandaji wake na aanze kufungua tandiko pale pale.

Ni mimi mzee wenu, saisi wa zamani, Jinja.