Kabla hamjaupanda Longonot

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani Mombasa. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba wewe na wenzako wa kazini mnataka kuupanda Mlima Longonot mkija huku bara. Umeuliza kama ni mlima mgumu. Kuufikia ukingo wa kasoko, yaani shimo kubwa la volkano lililo juu ya mlima, si kazi kubwa kwa mtu mwenye afya njema. Kazi ni kuuzunguka huo ukingo, na hapo ndipo wengi huishiwa na maji, muda na nguvu za miguu, kwa kuwa walipofika juu walidhani safari imekwisha.

Njia ya kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3.1. Mzunguko wa kasoko ni kilomita 7.2, kisha mnateremka njia ile ile mliyopandia, kwa hiyo jumla ni kama kilomita 13 na nusu. Lango liko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,150 na kilele ni mita 2,776. Mtu hutoa moja kwa nyingine akaona mita mia sita na kitu, akajipa moyo. Hesabu hiyo inadanganya, maana ukingo hauko sawa: unapanda, unashuka, unapanda tena, na kila mteremko unaukuta mbele kama deni. Wekeni saa moja hadi moja na nusu za kupanda, saa tatu au zaidi kidogo za mzunguko, na karibu saa nzima ya kuteremka. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ingieni saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza.

Nyinyi mnatoka usawa wa bahari, basi msishuke kwenye treni Nairobi mkaupanda mlima kesho yake alfajiri. Laleni usiku mmoja au miwili Naivasha, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya bahari, mapafu yazoee. Atakayeumwa na kichwa au kusikia kichefuchefu njiani arudi chini pamoja na mtu wa kumsindikiza.

Sasa nikueleze udongo, maana ukiuelewa udongo wa Longonot umeuelewa mlima. Ni majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Majivu hayo hayashiki maji, ndiyo sababu hakuna kijito wala chemchemi ya kunywa popote njiani. Kila mtu abebe lita tatu, na mkifika ukingoni kila mmoja apime alichobakiwa nacho. Mwenye chini ya lita moja na nusu asiuanze mzunguko. Kanuni hii isilegezwe kwa kuonea mtu haya.

Mvua inapopiga majivu huyachimba haraka, na sehemu ya juu ya njia ya kupandia imekuwa makorongo, mengine yamepita kimo cha mtu. Tembeeni ndani, kwenye sakafu iliyokanyagwa, wala si kwenye kingo zake. Ukingo wa korongo huonekana imara ilhali chini umeshaliwa na maji, nao humeguka pamoja na aliyesimama juu yake. Lakini mvua ikianza msijibanze humo, kwa kuwa korongo ni mfereji na maji hushuka kwa ghafla yakiwa na tope na mawe. Mkisikia radi mkiwa ukingoni, teremkeni mara moja. Kule juu hakuna pa kujificha. Kwa hiyo ningewashauri muepuke Machi hadi Mei, msimu wa masika. Januari na Februari ardhi ni kavu, lakini vumbi ni jingi kweli. Wakati huo acheni nafasi ya hatua tano kati ya mtu na mtu, na kila mmoja awe na leso ya kufunika pua na mdomo.

Wengi huanguka wakati wa kushuka. Majivu yaliyoshikana ni magumu kama sakafu, na juu yake zimelala changarawe zinazobingirika chini ya kiatu mithili ya gololi. Mtu akiogopa huegemea nyuma, uzito unakwenda kisiginoni, mguu unachomoka. Kunja magoti kidogo, hatua ziwe fupi, uzito ubaki juu ya nyayo, na fimbo itangulie. Viatu viwe vya soli yenye meno, vilivyokwisha kuvaliwa wiki kadhaa. Raba za soli laini hazifai kabisa. Kateni kucha za miguu siku mbili kabla, la sivyo vidole vitagonga mbele ya kiatu mteremko mzima na kucha zitageuka nyeusi.

Mkifika ukingoni, pindeni kulia. Upande wa magharibi ndiko kiliko kilele na ndiko kwenye miinuko mikali kupita yote, heri muimalize miguu ikiwa bado ina nguvu. Zaidi ya hayo, atakayeshindwa kabla ya kilele anarudi kwa njia fupi. Wanaoshika kushoto hukutana na kilele wakiwa wamechoka, na kurudi nyuma kutoka huko ni mbali. Mkichelewa mkaufikia ukingo saa saba mchana, pumzikeni, tazameni, mteremke. Upepo wa alasiri ni mkali na mahali pengine njia ni nyembamba, kasoko upande mmoja na mteremko upande wa pili. Kofia iwe na kamba.

Kutazama kwenyewe kunatosha safari. Ndani ya kasoko kuna msitu mzito, na kwenye kuta huonekana mvuke ukifuka, kwani volkano hii imelala tu. Msijaribu kuteremka humo. Nje, Ziwa Naivasha liko kaskazini-magharibi, mvuke wa mitambo ya umeme wa jotoardhi ya Olkaria unapanda magharibi na nyuma yake safu ya Mau, Mlima Suswa uko kusini, na mashariki ni ukuta wa Bonde la Ufa.

Huku chini, kwenye vichaka vya leleshwa, kuna twiga, pundamilia na kongoni. Hao hawana taabu. Wa kuogopwa ni nyati, hasa dume aliyejitenga na kundi. Tembeeni pamoja, msiache njia, na kabla ya kuanza waulizeni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, nyati wameonekana wapi asubuhi hiyo.

Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni; langoni hawapokei pesa taslimu, basi lipeni kabla ya kuondoka Naivasha. Mkija kwa matatu, hakikisheni inapita barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu. Zinazopita Limuru na Kinale hazifiki Longonot. Shukeni kituo cha Longonot, kisha boda boda hadi langoni.

Niandikie mtakuwa wangapi na kama yupo mwenye pumu au magoti mabovu. Mtu kama huyo aishie ukingoni, na mapema tupange nani atabaki naye, kuliko kubishana mkiwa juu.

Wako,
Kamau