Usitume hela mwezi huu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi hapa Mtoni wazima, na mama yako kifua kimemwachia.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa sauti utanikatisha. Ujumbe wako wa Jumanne uliingia saa nne asubuhi, kwenu Dubai saa tano. Miaka minne nimezoea kusikia nyuma ya sauti yako ile tii-tii ya foklifti ikirudi nyuma. Safari hii nilisikia feni, na mtu anakoroma. Nikajua uko chumbani, tena siku ya kazi. Niliusikiliza mara tatu kabla sijamwambia mama yako. Jana ndiyo ukasema: ghala limepunguza watu, nawe umo, na hii ni wiki ya tatu.

Wiki tatu, baba! Na tarehe 28 hela ikaingia kama kawaida.

Sikulaumu, maana aibu hiyo naijua. Mwaka 1996, wewe hujazaliwa, nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni Nyerere. Ijumaa moja tukagawiwa barua. Barua niliimeza. Kilichonishinda ni kukaa kibarazani asubuhi, watu wanapita kwenda kazini, wananiuliza, "Leo huendi?" Basi wiki ya tatu nikakitia kiinua mgongo changu chote kwenye Hiace, ubia na rafiki yangu, bila hesabu yoyote, ili tu nionekane nina shughuli. Mwezi wa tano injini ikanoki. Tukala kwa vitumbua vya mama yako. Mimi nilikuwa namkunia nazi saa nne usiku, mlango nimeutia komeo, majirani wasinione nimekalia mbuzi. Wiki ya pili akainuka, akaufungua mlango wazi, akarudi kwenye mchele wake. Hakusema neno. Nami nikaendelea kukuna.

Ndiyo maana hilo la rafiki yako linanitia hofu. Anakwambia viza ikifutwa uingie kwa viza ya matembezi, uanze kazi kwao huku karatasi zinatengenezwa. Kufanya kazi kwa viza hiyo huko ni kosa. Wakikunyima mshahara utakwenda kumshitaki nani, na wewe mwenyewe una kosa? Naona unataka kuikubali kwa sababu inakuondoa chumbani haraka. Hiyo ndiyo Hiace yangu.

Kwanza dai chako. Jirani yetu aliyerudi kutoka huko mwaka jana alikaa nami barazani, tukapitia moja moja. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka, kwa miaka mitano ya mwanzo. Wewe una minne, kwa hiyo siku 84. Posho ya nyumba na usafiri usizihesabu humo. Wanatakiwa wakulipe ndani ya siku 14 tangu mkataba ulipokwisha, nawe uko wiki ya tatu! Kama ulikuwa unalipia ile bima ya kupoteza kazi kwa mwaka mzima au zaidi, inalipa asilimia 60 ya mshahara wa msingi, isiyozidi miezi mitatu, lakini maombi yaende ndani ya siku 30. Zimebaki chache, mwanangu. Nenda kesho. Na wakikuletea karatasi inayosema umeacha kazi mwenyewe, usisaini hata kama meneja anakuchekea, maana bima yenyewe utaikosa. Omba na barua ya uzoefu, ni haki yako na hailipiwi.

Mimi ningependa urudi, sikufichi. Lakini hamu yangu usiitie kwenye mizani. Ukipata mwajiri mwingine Jebel Ali mwenye mkataba ulioandikwa, kaa. Ukirudi, mshahara wa hapa hautafika wa huko, ila mkono wako una pa kushika: makontena ya bandarini yanahitaji watu, na bandari kavu ya Kwala imezinduliwa Julai 2025. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, kwa hiyo vyeti vyako vya huko vyote uje navyo, halisi, usiache hata kimoja kwenye kabati la ofisi.

Boma la Chanika limefika renta. Lisimame hapo hapo. Shangazi yako akiuliza kwa nini mafundi hawaonekani, nitamjibu mimi.

Ile hela ya tarehe 28 sijaitoa, ipo kwenye simu. Najua uliikopa. Nitajie uliyemkopa na namna ya kuirudisha, niitume kesho asubuhi nikitoka kuswali.

Baba yako