Rangi ya wiski si umri wake

Mhariri,

Kuna mtindo katika baadhi ya maduka ya vileo hapa Nairobi ambao ningependa ukome. Wateja wanaambiwa kwamba wiski yenye rangi nzito ndiyo iliyokaa miaka mingi, kisha wanatozwa pesa za umri huo. Mzee mmoja ambaye nimemhudumia baa muda mrefu aliuziwa chupa kwa maneno hayo, akahakikishiwa ni ya miaka 18. Alipokuja kunionyesha, niliisoma lebo mbele na nyuma nisione umri wowote. Alikuwa ameinunua ampelekee mkwewe.

Wiski ikitoka mtamboni haina rangi. Rangi huipata kwenye pipa la mwaloni, na sheria ya wiski ya Uskoti inataka ilale humo miaka isiyopungua 3. Ile iitwayo single malt hutengenezwa kwa kimea cha shayiri pekee, katika kiwanda kimoja. Pipa lililotangulia kuhifadhi bourbon, wiski ya Marekani, kwa kawaida huipa rangi ya dhahabu. Pipa lililokaa na sherry, divai kali ya Jerez kule Uhispania, huipa wekundu wa kahawia. Kwa hivyo wiski ya miaka 8 ya pipa la sherry yaweza kuwa nzito kwa rangi kuliko ya miaka 20 iliyolala katika pipa la bourbon. Tena sheria hiyo hiyo inaruhusu kutiwa karameli ya kuongeza rangi. Umri ukiandikwa kwenye lebo, ni wa ile wiski changa kabisa iliyomo chupani.

Pipa la sherry ni ghali, na bei hiyo ina sababu zake. Zamani sherry ilisafirishwa hadi Uingereza ikiwa ndani ya mapipa, na yakishakuwa matupu wenye viwanda vya wiski waliyachukua. Siku hizi sherry hutiwa chupani kwao Uhispania, hivyo mapipa mengi huundwa makusudi, yakajazwa sherry kwa mwaka mmoja au miwili, ndipo yakapelekwa Uskoti.

Naipenda sana wiski ya pipa la sherry. Juzi nilionja GlenDronach, single malt ya Uskoti, ya miaka 12, ya mapipa ya Oloroso na Pedro Ximénez, aina mbili za sherry, nguvu yake asilimia 43. Niliimimina kidogo katika glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, bila barafu, nikaiacha itulie. Nilinusa kwa mbali, mdomo ukiwa wazi kidogo, ili ukali wa pombe usifunike mengine. Zabibu kavu zilitangulia, zikafuatwa na tende, kisha ganda la chungwa. Ulimini ilikuwa nzito, tamu mwanzoni, halafu mdalasini ukachomoza. Nilipodondoshea maji kidogo sana, harufu ya lozi ikajitokeza. Mwisho wake ni ukavu kwenye ufizi, kama wa chai iliyochemshwa kupita kiasi. Huo ni mwaloni, na mimi naupenda kuliko utamu wenyewe. Simkatazi mtu barafu, ila baridi hufifisha harufu, na harufu ni sehemu kubwa ya kile alicholipia.

Wenye maduka, wafundisheni vijana wenu wa kaunta kusoma lebo. Watazame umri, aina ya pipa, na kama wiski ililala katika pipa la sherry tangu mwanzo au ilihamishiwa humo mwishoni tu, kwa maana tofauti hiyo huonekana kwenye ladha. Pasipo na umri, wasiubuni. Nanyi wenye hoteli, mnapoandika bei ya toti kwenye menyu, ongezeni umri na pipa kando yake, mteja asome kabla hajamiminiwa.

Mhudumu wa baa,
Ngara, Nairobi