Kassim kashikwa kwa neno moja

Salaam aleikum shoga yangu Rukia,

Wazima huko Nairobi? Sisi twamshukuru Mungu, Mama presha ilimpanda lakini sahi yuala vizuri. Najua nimenyamaza tangu arusi ya Mwanaisha, nisamehe, leo nakuandikia mbio mbio kwa sababu Kassim kashikwa.

Hakuiba wala hakupiga mtu. Jumamosi jioni amebeba abiria, polisi wakamsimamisha, mmoja akachomoa ufunguo wa boda hata leseni hajauliza, akautia mfukoni, akamwambia "ongea vizuri", na wajua maana yake. Kassim akajibu "nirudishie ufunguo wangu, mwizi wa mchana we". Basi. Watu pale kwa muuza mahamri wakacheka, ndo afande akapandwa na hasira, akamtia pingu, eti umemtukana afisa wa serikali, hiyo ni miaka mitatu.

Miaka mitatu! Sikulala wallahi, mpaka nikakumbuka ulivyonihadithia kesi ya yule mwanablogu Robert Alai, kwamba kile kifungu cha 132 cha sheria ya makosa ya jinai, cha kumdharau afisa wa serikali, Jaji Chacha Mwita alikifuta 2017 kwa sababu kinapingana na katiba. Sasa mbona bado wanatishia watu nacho? Na kituoni wenyewe wanajua fika hakipo, maana kwenye karatasi hawakuandika matusi, wameandika kuzua fujo, kifungu cha 95, miezi sita. Fujo gani Rukia? Hakuna aliyerusha hata jiwe, abiria mwenyewe alishuka akatafuta boda nyingine.

Lile neno si zuri, Mama kamkaripia mbele yetu sote. Na angemsukuma yule afande ningenyamaza, kumpiga au kumzuia afisa kazini ni kosa jingine kabisa, zito. Lakini mikono yake ilikuwa kwa usukani. Mtu kunyang'anywa chombo chake cha kazi halafu aambiwe ulimi wake ndo umeleta fujo, hilo halinishuki.

Tumemtoa kwa dhamana, Alhamisi anasomewa mashtaka. Mjomba Bakari ashikilia akubali tu makosa, alipe faini, yaishe. Haitaisha! Wajua ile kazi ya udereva Doha, wakala ataka cheti cha tabia njema, na alama za vidole wameshamchukua. Akikubali kosa ambalo hakufanya, hicho cheti kitatoka vipi? Mama kauza bangili zake mbili kwa hiyo safari, Kassim mwenyewe hajui, usimwambie.

Sasa nisaidie. Wakili mnayefanya naye kazi aweza kushuka Alhamisi, au ana mwenzake hapa Mombasa asiyeumiza sana kwa bei? Kassim akikana, ile dhamana ya kituoni itaendelea ama watataka nyingine? Yule mama wa mahamri alisikia kila kitu ila anaogopa, anauza pale pale kila siku na wale wale wanapita, je mahakama yaweza kumwita mwenyewe? Wakili akisema fujo haikuwepo, ni sisi twathibitisha au ni wao?

Na ufunguo mpaka leo haujarudi, kwenye orodha ya vitu walivyomchukua haumo. Niuulizie kwa nani?

Nijibu hata kwa voisi, usiku wowote.

Wako,
Salma