Spika wa New York hakupokea bahasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila mjadala wa rushwa ya wabunge unapopamba moto kwetu Tanzania, hakosekani msomaji wa kuandika kwamba wenzetu Marekani hawana mchezo, huko mkubwa akila anafungwa. Mimi niliifuatilia kesi ya Sheldon Silver, Spika wa New York, tangu alipokamatwa mpaka alipofariki, na sifa hizo zinanipa tabu kuziafiki.

Silver alizaliwa mwaka 1944 huko Lower East Side, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Manhattan, baba yake akiwa na duka la vifaa vya ujenzi. Akasomea sheria, akachaguliwa kuingia Bunge la jimbo la New York mwaka 1976, na mwaka 1994 akawa Spika wa baraza la chini. Kiti hicho alikikalia miaka 21 na kufanya kazi na magavana watano. Hakuwa msemaji sana, lakini bila yeye jambo halikwenda. Mwaka 2005 alikwamisha uwanja mkubwa wa michezo ambao Meya Bloomberg aliutaka kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Mwaka 2008 mpango wa kutoza ada magari yanayoingia katikati ya Manhattan ulifia barazani kwake bila hata kupigiwa kura. Watu wa Albany, makao makuu ya jimbo, walikuwa na msemo kwamba bajeti hupangwa na wanaume watatu chumbani, yaani Gavana, kiongozi wa Seneti na Spika. Wengine hugonga meza.

Ubunge wa kule haukuhesabiwa kuwa kazi ya kutwa. Mshahara wa msingi ulikuwa dola 79,500 kwa mwaka, na sheria ilimruhusu mbunge kuwa na shughuli nyingine ya kumwingizia kipato. Silver alijisajili na Weitz & Luxenberg, kampuni ya mawakili iliyotajirika kwa kesi za asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika katika ujenzi, na wapiga kura waliambiwa kwamba anatetea watu wa kawaida walioumia. Sasa angalia fedha ilivyozunguka, maana hapa ndipo penye somo.

Asbesto husababisha saratani ya utando unaofunika mapafu. Mgonjwa mmoja wa aina hiyo ni kesi ya fedha nyingi kwa wakili. Dk. Robert Taub wa Chuo Kikuu cha Columbia alikuwa akitibu wagonjwa hao na alihitaji fedha za utafiti. Silver alikuwa na fungu la bajeti ya afya ambalo Spika aliligawa kwa utashi wake, nje ya macho ya umma, na katika mwaka 2005 na 2006 alimpatia daktari huyo ruzuku mbili za dola 250,000 kila moja. Daktari akawa anamtajia Silver majina ya wagonjwa, Silver anayapeleka kwa kampuni, na kampuni inamlipa sehemu ya ada. Kwa miaka kadhaa alivuna hivyo zaidi ya dola milioni 3. Hakusimama mahakamani kuwatetea wagonjwa hao. Wao walikuwa wanakufa, na majina yao yalikuwa mtaji.

Mkondo wa pili ulihusu nyumba. Kampuni mbili kubwa za majengo, Glenwood na Witkoff, zilishawishiwa kupeleka kazi zao za kupinga kodi ya majengo kwa wakili mmoja mdogo aliyekuwa karibu na Silver, naye akamgawia Spika karibu dola 700,000. Wapiga kura wake wengi walikuwa wapangaji ambao kodi zao za pango zililindwa na sheria ya jimbo, na sheria hiyo, pamoja na msamaha wa kodi wanaopewa wajenzi, ilikuwa ikirudi mezani kwake kila baada ya miaka michache. Mtetezi wa wapangaji alikuwa anakula na wenye nyumba.

Januari 2015 wabunge walimchagua tena kuwa Spika, na wiki mbili baadaye FBI wakamkamata. Siku za mwanzo wenzake walimkingia kifua, kisha wakageuka, na mwanzoni mwa Februari kiti kikaenda kwa Carl Heastie. Novemba 30 jopo la raia lilimkuta na hatia katika mashtaka yote saba, na ubunge ukamtoka siku hiyo hiyo. Siku 11 baadaye kiongozi wa Seneti, Dean Skelos, naye akapatikana na hatia pamoja na mwanawe, katika kesi nyingine kabisa. Kati ya wale watatu wa chumbani, akabaki Gavana peke yake.

Wanaosifia Marekani huishia hapo. Mwaka 2016 Silver alihukumiwa miaka 12, lakini hakwenda jela. Mwezi mmoja na kitu baada ya hukumu, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya McDonnell, aliyekuwa gavana wa Virginia, na kubana maana ya kitendo cha kiofisi kinachoweza kuhesabiwa rushwa. Kumpangia mfadhili kikao tu, wakasema majaji, hakutoshi. Kwa msingi huo hatia ya Silver ikafutwa mwaka 2017. Akashtakiwa upya, akakutwa na hatia tena Mei 2018, akapewa miaka 7. Akakata rufaa tena. Januari 2020 mahakama ya rufaa ikayatupa mashtaka ya wagonjwa wa asbesto na kuyaacha yale ya nyumba pamoja na utakatishaji fedha. Adhabu ikashuka hadi miaka 6 na nusu, na Agosti 2020 ndipo mzee wa miaka 76 alipoingia gerezani. Alifariki Januari 2022 akiwa bado anatumikia kifungo. Tangu kukamatwa hadi kufungwa ilipita miaka mitano na nusu.

Kwa nini yale ya asbesto yalianguka, wakati ndiyo yaliyomlipa zaidi? Majaji walisema upande wa mashtaka ulipaswa kuthibitisha kwamba wakati anapokea malipo, Spika aliahidi kufanya jambo mahususi linaloeleweka. Daktari kutarajia tu kwamba Spika atamfaa siku yoyote atakapohitaji hakukutosha. Mimi si mwanasheria, lakini hoja naiona, kwa kuwa mtu hafai kufungwa kwa makosa ya kubahatisha. Ila fikiria ni nani duniani anayemlipa mwanasiasa mzoefu kwa ahadi iliyotamkwa. Mkubwa halipwi hivyo. Analipwa ili akukumbuke.

Ndiyo maana siafiki wanaotaka kila kitu kiachiwe TAKUKURU na mahakama. Sisi wenyewe tulishapita njia hii. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, mgombea awakirimu wapiga kura kwa nia njema, na ilipofika 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kwa sababu haikuonekana ukarimu unaishia wapi na rushwa inaanzia wapi. Mahakama yetu ilifanya vyema kuliondoa shimo badala ya kusubiri kupima kina chake kila mtu anapotumbukia.

Kwa wabunge wetu nashauri hivyo hivyo. Tamko linalopelekwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma lisihesabu nyumba na magari peke yake. Mbunge mwenye kampuni ya uwakili, ya ushauri au ya ujenzi ataje nani anamlipa na kiasi gani, na mwananchi aweze kulisoma tamko hilo bila kuzungushwa. Atakayeona hilo ni kuingiliwa faragha asigombee, hakuna aliyemlazimisha. Kwa kanuni ya namna hiyo, kosa la Silver lingekuwa kupokea fedha za wenye majengo bila kuzitangaza, na hapo hakuna haja ya kuthibitisha nini kiliahidiwa.

Nisiwapambe wenzetu kupita kiasi hata kwenye hili. Mwishoni mwa 2022, kama miezi kumi na moja baada ya Silver kuzikwa, wabunge wa New York walijipandishia mshahara hadi dola 142,000, na katika sheria hiyo hiyo wakaweka kikomo cha dola 35,000 kwa mwaka kwa kipato cha kazi za nje. Mshahara mpya ulianza Januari 2023. Kikomo kilipangiwa kuanza 2025.

Wako msomaji,
Morogoro