Jiko ndilo lililoungua, lakini hasara imelala chumbani

Moto wa nyumba ukizimwa hapa Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, majirani hawaondoki. Vijana wanatoa magodoro nje, akina mama wanakuja na ndoo, matambara na sabuni ya unga, na kabla ya adhuhuri kuta zimeshapigwa maji. Ni ujirani mwema na hatutaki uishe. Ila sisi ambao kazi yetu ni kusafisha na kukarabati nyumba zilizopitiwa na moto tunaomba: jirani apike, alinde vitu vilivyo uani, awachukue watoto wakalale kwake. Tambara lisubiri kwanza.

Masizi ni vumbi laini mno la kaboni lililochanganyika na lami na asidi. Likiwa kavu, limekaa juu juu tu ya rangi. Ukilipitishia kitambaa chenye maji linageuka wino, linazama kwenye vitundu vya rangi ya maji na plasta, na kuanzia hapo kuosha hakusaidii tena, ni kukwangua. Ndiyo maana sisi huanza na kazi kavu: mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini, bila kusugua, kutoka darini kushuka chini. Inafuata sponji kavu ya mpira inayonasa masizi bila tone la maji. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kukata mafuta huja mwisho, na hapo tunabadili mwelekeo, tunaanzia chini ya ukuta kupanda juu. Maji machafu yakitiririka kwenye ukuta mkavu huacha michirizi ambayo utaiona hata baada ya kuosha kote.

Halafu moshi nao una aina zake. Mbao na karatasi zikiwaka kwa moto mkali huacha masizi makavu, na hayo ndiyo rahisi. Godoro, kapeti na viti vya plastiki huacha masizi meusi yanayonata, ukigusa umepaka. Waya za umeme na paipu za PVC ndizo tunazoziogopa zaidi: zikiungua hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya haidrokloriki, na asidi hiyo hula bawaba, vitasa, misumari ya bati na mbao za saketi ndani ya televisheni na friji. Kwenye mji wa ziwani kama wetu unyevu hautafutwi mbali. Televisheni inaweza kuwaka vizuri wiki ya kwanza, ikaja kufa baadaye kimya kimya.

Kuna na moto wa mawese, ambao mkoa huu tunaujua kuliko wengi. Kikaango kikishika moto (kifunike kwa mfuniko, usikimwagie maji hata kidogo) ule moshi hubeba mafuta. Unaacha utando wa kahawia unaonata ambao sponji kavu haiuwezi. Unataka sabuni kali, glavu, na kurudia. Na kama ni sufuria ya nyama au samaki iliyoachwa jikoni mpaka ikakauka na kuungua, ukuta unaweza kuonekana msafi kabisa huku harufu ikikufukuza ndani. Utando upo, hauonekani tu. Kuupulizia manukato ni kujidanganya.

Sasa tufike kwenye kile kinachowatia watu hasara kubwa. Nyumba zetu nyingi zina kuta za ndani zinazoishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Juu ya silingi bodi au jipsamu, dari ni uwazi mmoja kutoka jikoni hadi chumba cha mwisho. Moshi wa moto hupanda, huingia darini, hutembea nyumba nzima, kisha hushuka kupitia matundu ya taa na viungio vya dari. Na hupenda sehemu zenye ubaridi: ndani ya kabati la nguo, nyuma ya picha, kwenye droo, kwenye kona iliyo mbali na moto. Mwenye nyumba analia jikoni, na chumbani hafungui hata mlango wa kabati, kwa kuwa moto haukufika huko. Mvua zikianza, hewa ikiwa nzito, harufu inaamka chumbani. Wakati huo fomu ya bima ilishajazwa zamani: “jiko limeungua”.

Mkadiria hasara anayetumwa na kampuni ya bima huandika anachokiona na anachoonyeshwa. Hatafunua droo zako. Kwa hiyo, kabla hujagusa kitu, piga picha kila chumba, pamoja na vile unavyodhani vimepona: kwanza chumba kizima, kisha karibu. Fungua makabati upige ndani. Panda ngazi upige darini. Chukua karatasi nyeupe ya tishu, ipitishe mara moja ukutani chumbani, uipige picha na huo mstari mweusi wake pale pale ukutani. Picha hiyo ya tishu, kwa maoni yetu, ina nguvu kuliko maelezo ya kurasa nzima.

Vitu vilivyoungua usivitupe. Vipange uani mpaka mkadiria avione, hata kama ni sofa iliyobaki chuma. Lakini kusubiri hakumaanishi kuacha nyumba inyeshewe. Mikataba ya bima humtaka mwenye mali azuie hasara isiongezeke, kwa hiyo bati likitoboka piga picha, funika turubai, tunza risiti. Maji nayo ni hasara ya pili. Ukungu unaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili kwenye godoro na jipsamu iliyolowa. Na tunaposema risiti tunamaanisha ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu na fundi wa mtaani itarudishwa, utaanza kuhangaika upya.

Kuhusu taarifa: namba ya dharura ya Zimamoto ni 114. Hata kama moto mliuzima wenyewe kwa mchanga, toa taarifa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na polisi, kwa sababu bima itauliza ripoti ya chanzo cha moto. Kampuni ya bima au wakala wako mpigie siku hiyo hiyo, kisha uandike. Mikataba ina ukomo wa muda na haingoji ukimaliza kupokea pole.

Wapo wanaotuambia hawana bima, kumbe wanayo. Kama nyumba imewekwa dhamana ya mkopo benki, uwezekano ni mkubwa kwamba kuna bima ya moto iliyokatwa pamoja na mkopo. Kaulize. Jua pia kwamba malipo yanaweza kupitia benki kwanza, kwa kuwa nayo ina haki kwenye jengo hilo. Mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima unakuonyesha kama bima yako ni hai. Mpangaji naye asikae akitegemea bima ya baba mwenye nyumba: ile ni ya jengo, haijui friji yako wala nguo za watoto.

Halafu kuna hesabu ambayo huleta ugomvi kila mara. Tuseme nyumba yako kuijenga upya ni shilingi milioni 80, lakini uliikatia bima ya milioni 40 ili ada iwe ndogo, au kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ulipojenga miaka ile. Moto umekuletea hasara ya milioni 12. Kwa kanuni ya uwiano iliyomo kwenye mikataba mingi, uliikatia nusu, utalipwa nusu: milioni 6, tena ikitolewa sehemu ambayo mkataba unasema unabeba mwenyewe. Hawajakuibia. Mabati na nondo zinazosafirishwa mpaka huku kutoka Dar es Salaam hazibaki bei moja, kwa hiyo kila unapolipia upya bima, rekebisha thamani. Thamani hiyo ni gharama ya kujenga. Bei ya kiwanja usiiweke, kiwanja hakiungui.

Ukiletewa hati ya kukubali malipo, isome kabla ya kalamu. Kwa kawaida inasema umeridhika na hutadai tena, na chumba chenye harufu hakitarudi mezani. Kama hujaridhika, lalamika kwa kampuni kwa maandishi. Ikishindikana, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Haihitaji wakili.

Kwenye ukarabati wenyewe, macho yetu huenda kwanza juu. Kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba bati, zikiungua tunazikwangua: mbao huungua kutoka nje kwenda ndani, na chini ya mkaa mara nyingi kuna mti mzima. Tunapima kilichobaki, ndipo tunaamua kubadilisha au kuongezea. Bati lililopinda na kubadilika rangi limeshapoteza zinki yake, kwani zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419 tu. Ukilirudisha juu litaota kutu mapema. Lenta au nguzo ya zege iliyogeuka rangi ya waridi inataka mhandisi aitazame, maana rangi hiyo hutokea zege likifika kama nyuzi 300 na nguvu yake imeanza kupungua. Plasta tunaigonga, ikitoa mlio wa uwazi ndani, tunaibomoa.

Rangi ni ya mwisho, na hapa tunabishana sana na wateja wanaotaka nyumba ing’ae kabla ya Idi au Krismasi. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya masizi, madoa ya njano hupenya na harufu inabaki. Ukuta usafishwe, ukauke, upigwe praima (rangi ya awali) ya mafuta ya kuziba madoa, ndipo rangi. Umeme hatuugusi: hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na nyumba isirudishiwe umeme kabla hajapima waya, hata zile za vyumba visivyoungua, kwa kuwa nyingi zimepita darini humo humo.

Wanaovuna maji ya mvua, mwaga maji yote ya tangi, osha bati na mifereji, na mvua ya kwanza iende chini. Unga, dagaa na dawa zilizokuwa ndani ya moshi zitupwe baada ya kupigwa picha. Jiki usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia; gesi yake ni sumu.

Kwa asiye na bima, na ndio walio wengi, tunagawa kazi: kufua, kuanika na kuosha vyombo mnafanya wenyewe kwa maelekezo yetu, sisi tunabaki na dari, kuta na paa. Gharama inashuka sana.

Ziara ya kwanza ni ya kukagua na kuandika mchanganuo wa kila chumba pamoja na profoma (makadirio ya bei) ya kupeleka bima. Tutaandika kilichoharibika, chote, lakini hatutapandisha bei ili “kitu kibaki”. Tunaombwa hivyo mara nyingi. Kampuni ikigundua uongo kwenye sehemu moja ina sababu ya kukataa dai zima, na jina letu limo kwenye karatasi hiyo pia.

Ukitupigia, tuambie nini kiliwaka, kama maji yalitumika kuzima, na kama mkadiria ameshakuja. Mpaka tufike, funga milango ya vyumba visivyoungua, feni isiwashwe, na anayeingia ndani avae barakoa na aache viatu mlangoni.